Uzi: Dos Santos, mhandisi wa mafuta aliyefunga vita vya Angola, na bili aliyoiacha

Mwananyamala B

Wakuu, habari za jioni.

Kila Angola inapotajwa humu, mjadala huishia kwa binti yake rais wa zamani, Isabel dos Santos, na mabilioni yake. Baba mtu anabaki pembeni. Leo nataka tumjadili baba mwenyewe, José Eduardo dos Santos, rais wa Angola toka 1979 hadi 2017, na hasa kipande cha utawala wake ambacho watu hukiruka: miaka ya mwanzo baada ya bunduki kunyamaza mwaka 2002. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aende jukwaa la michezo.

Kwa ufupi, alizaliwa Agosti 1942, akakulia Sambizanga, uswahilini kabisa Luanda. Akaingia MPLA, chama cha ukombozi kilichokuja kutawala, akiwa kijana, akatoroka nchi, na mwaka 1963 chama kikampeleka Baku, Azerbaijan ya Kisovieti, kusomea uhandisi wa petroli. Alihitimu 1969, akaongezewa kozi ya mawasiliano ya kijeshi. Aliporudi 1970 hakupelekwa kisimani. Alipelekwa msituni Cabinda kushika redio za wapiganaji, wakati baharini, upande wa pili wa Cabinda hiyohiyo, kampuni ya Kimarekani ya Gulf Oil ilikuwa inavuta mafuta chini ya ulinzi wa Mreno.

Uhuru ukaja 1975, akawa waziri wa kwanza wa mambo ya nje. Rais wa kwanza, Agostinho Neto, alipofia Moscow Septemba 1979, dos Santos alikuwa waziri wa mipango, umri miaka 37, mtu asiye na makundi na asiyesema sana. Wanasema wazee wa chama walimkubali kwa sababu walidhani watamwendesha. Alikaa miaka 38.

Vita vya serikali ya MPLA na waasi wa UNITA wa Jonas Savimbi nitavipita haraka, vina nyuzi zake. Mkataba wa amani wa Bicesse 1991, uchaguzi wa Septemba 1992: dos Santos asilimia 49 na ushee, Savimbi 40. Duru ya pili haikufanyika. Savimbi akakataa matokeo, Luanda ikachinjana, nchi ikarudi vitani, na miji kama Huambo na Cuito ikabomolewa nyumba kwa nyumba. Mkataba wa Lusaka 1994, serikali ya pamoja 1997, vita tena mwishoni mwa 1998. Ukijumlisha yote tangu 1975, makadirio ya kawaida ni watu nusu milioni au zaidi waliokufa na takriban milioni nne waliokimbia makazi.

Sasa tufike nilikotaka.

Tarehe 22 Februari 2002 Savimbi aliuawa Moxico, mashariki kabisa mwa nchi, baada ya kuwindwa kwa miezi. Maiti yake ikaonyeshwa kwenye televisheni. Siku chache baadaye makamu wake, António Dembo, naye akafa porini. UNITA ilikuwa imebaki watu wenye njaa wanaotembea usiku. Mshindi yeyote wa kawaida angesema malizia. Na jeshi lilikuwa na uwezo huo: ndege, helikopta, kila kitu.

Dos Santos hakumalizia. Katikati ya Machi serikali ikasimamisha mashambulizi upande wake, makamanda wakakutana na makamanda hukohuko Moxico, hakuna hoteli ya Ulaya wala mpatanishi mwenye tai. Bunge likapitisha msamaha wa jumla, na 4 Aprili hati ya Luena (mji mkuu wa Moxico) ikasainiwa rasmi Luanda. Wiki sita toka kifo cha Savimbi! Nchi iliyosaini mikataba mikubwa kwa wageni na kuivunja yote, ikamaliza vita kwa hati iliyosainiwa na majenerali wawili waliokuwa wanawindana: Armando da Cruz Neto wa serikali na Kamorteiro wa UNITA.

Someni hati ile mtaona akili ya aliyeisimamia. Haina falsafa. Siasa zote iliziachia Lusaka 1994, ikashughulika na kitu kimoja: mwenye bunduki anaiweka wapi, anakwenda wapi, anakula nini. Wapiganaji zaidi ya 80,000 walikusanywa kambini, na familia zao, watu zaidi ya laki tatu. Takriban 5,000 wakaingizwa jeshini, wengine wakapewa karatasi na vifaa vya kuanzia maisha. Wakubwa wao walipata vyeo, mishahara na nyumba. Agosti mwaka huohuo jeshi la UNITA likavunjwa rasmi. UNITA kama chama ikaachwa hai, ikamchagua Samakuva kuwa kiongozi mwaka 2003, ikabaki bungeni. Hadi leo vita havijarudi.

Hapo ndipo ninaposimama, na najua nitapigwa mawe. Ile amani ilinunuliwa, na pesa iliyoinunua ndiyo hiyohiyo iliyokuja kuliwa na familia na majenerali. Mfereji ulikuwa mmoja. Huwezi kumsifu mtu kwa maji yaliyofika UNITA ukajifanya hukuona yaliyochepushwa njiani, lakini pia huwezi kusema alikuwa mwizi tu basi, kama vile wale wapiganaji zaidi ya 80,000 walirudi nyumbani kwa maombi.

Nanga Kavu

Mhandisi gani huyo, hata kisima hakuwahi kuchimba? Diploma ya Mrusi hiyo mkuu 😂

Mwananyamala B

Nanga, kisima hakuchimba, ila tazama alichofanya na Sonangol, kampuni ya mafuta ya taifa. Iliundwa 1976 chini ya Neto. Dos Santos akiwa rais aliilinda isiguswe na ujamaa uliokuwa unaua kila kitu kingine nchini. Mashamba ya kahawa yalikufa, viwanda vilikufa, maduka yalikuwa na rafu tupu, lakini Sonangol ilifuata mikataba yake na Wamarekani neno kwa neno. Miaka ya themanini askari wa Cuba walilinda eneo la Malongo, Cabinda, mali ya kampuni ya Kimarekani, wakati Reagan anampa Savimbi makombora ya Stinger. Mei 1985 makomando wa Afrika Kusini walinaswa Cabinda walipokwenda kulipua mitambo hiyo. Hebu fikiria: mkomunisti analinda bomba la bepari dhidi ya rafiki wa bepari. Mtu aliyeelewa mafuta vizuri kuliko Umarksi ndiye pekee angeweza kuendesha nchi hivyo bila kucheka.

Kapteni Mstaafu

Mleta mada, umeandika vizuri lakini umempaka mafuta mno, na mafuta anayo ya kutosha.

Kwanza, "aliyefunga vita". Vita vilifungwa na risasi zilizompata Savimbi. Umoja wa Mataifa ulishaibana UNITA kwa vikwazo vya almasi tangu 1998, na ripoti ya mwaka 2000 ikawaanika waliokuwa wanamuuzia silaha na mafuta. Bailundo na Andulo zilichukuliwa na serikali 1999. Kufika 2002 yule bwana alikuwa anatembea kwa miguu. Mpe dos Santos sifa ya uvumilivu, sawa, lakini usimpe ya muujiza.

Pili, nani alianzisha raundi ya Desemba 1998? Ndiyo, UNITA ilikuwa imeficha askari na silaha, hilo halina ubishi. Lakini serikali ndiyo iliyoamua kwamba njia pekee ya amani ni vita hadi mwisho. Miaka mitatu na zaidi ya kuchoma vijiji na kuhamisha raia kwa nguvu ili Savimbi akose chakula. Njaa ile ya 2002 unayoisema kwa UNITA ilikuwa pia ya raia, na ilitengenezwa na pande zote mbili.

Tatu, silaha. Paris ilikuwa na kesi nzima kuhusu silaha za mamia ya mamilioni ya dola zilizouzwa Luanda miaka ya tisini. Na kabla ya hapo, mwaka 1993, serikali iliajiri makaburu wa Executive Outcomes, kampuni ya mamluki, baadhi yao walewale waliopigana upande wa Savimbi zamani, waje wampige. Mhandisi huyo alijua kununua vita kabla hajajua kununua amani.

Mwananyamala B

Kapteni, shikamoo. Sipingi hata moja. La pili hasa nilipaswa kuliweka juu, maana bila 1998 hatuelewi kwa nini kambi za 2002 zilijaa mifupa mitupu. Mashirika ya tiba yalipofika maeneo yaliyokuwa yamefungwa yalikuta watoto wanakufa kila siku, na kwa miezi kadhaa serikali ilikuwa mzito kupeleka chakula kwenye kambi za watu ambao imetoka kuwasamehe.

Ninachobishia ni neno lako "risasi". Risasi inaua kiongozi, haisambazi wapiganaji. Kuna vita vingapi hapa barani ambavyo kiongozi alikufa na makundi yakazaliana matatu, manne?

MutuWaKolwezi

Bandugu, jambo. Mimi mutoto wa Kolwezi, niko Lubumbashi sasa. Munazungumuza Angola kama inchi ya mbali. Kwetu Angola iliingia ndani ya nyumba.

Bale Tigres, askari ba Katanga benye balikimbilia kule kisha mambo ya Tshombe, ule alitaka kutenga Katanga, balirudi na bunduki 1977, balirudi tena 1978 mpaka Kolwezi. Hiyo ilikuwa wakati ya Neto. Sasa 1997 dos Santos akabapakia mu ndege, bakaja kusaidia Muzee Laurent-Désiré Kabila kumutosha Mobutu. Juu ya nini? Juu Mobutu alimubeba Savimbi miaka yote. Mwaka ileile askari yake bakaingia Brazzaville, Sassou, mukubwa wa zamani wa Kongo-Brazzaville, akarudi ku kiti. Kisha 1998 Banyarwanda bakashuka na ndege kule Kitona, bakakamata mutambo ya umeme ya Inga, Kinshasa ikabaki giza. Askari ba Angola bakatoka Cabinda bakabapiga kwa mugongo. Bila bo, Kabila alikuwa ameisha.

Sisemi ni mubaya ao muzuri. Nasema: muzee alifunga mulango moja moja ya Savimbi, mulango ya Kinshasa, mulango ya Brazzaville, kisha akaenda kumukamata ndani ya pori. Mukisema amani ya Angola ilianza 2002 munasahau sisi tulilipa sehemu yetu.

Kapteni Mstaafu

Kaka wa Kolwezi, huu ndio mchango wa maana kuliko yote humu, wangu ukiwemo.

Mama Zulekha

Jamani mimi vita siviwezi, nieleze mambo ya nyumba maana nimeishi Luanda na mume wangu kikazi, enzi hizo mafuta yanauzwa ghali.

Mji ule ulitangazwa mara kadhaa kuwa ghali kuliko miji yote duniani kwa wageni. Tikiti maji moja ungeweza kulipa pesa ya kushangaza. Na papo hapo ukigeuza shingo ni mabanda ya bati mpaka jicho linapokoma, watu hawana maji, wanauziwa kwa ndoo kutoka kwenye magari. Daladala zao za buluu na nyeupe zimejaa kama zetu. Serikali ikavunja mitaa ya watu kupisha ujenzi, wengine wakatupwa mbali huko kusiko na shule.

Halafu ndiyo Kilamba. Kilomita kama thelathini kutoka katikati ya mji, Wachina wakajenga maghorofa 750 hivi, fleti elfu ishirini. Kilizinduliwa 2011. Kizuri kweli, rangi rangi, barabara pana, ila hapana mtu! Bei ilianzia dola 125,000. Nani mwalimu wa shule mwenye hiyo? Dunia nzima ikaja kupiga picha mji wa mizimu. 2013 wakashusha hadi dola 70,000 na mkopo nafuu, watu wakajaa fasta, leo ni mji wa watu wa kati na foleni zake. Kwa hiyo hata mimi sijui nimhukumu vipi. Nyumba zipo, watu wanakaa. Ila aliyepanga bei ile ya kwanza alikuwa anamjengea nani?

Mwananyamala B

Mama Zulekha, ahsante sana. Ngoja niunganishe Kilamba na pesa, maana hapo ndipo mfereji ninaousema unaonekana.

Baada ya 2002 Angola ilitaka mkutano wa wafadhili, kama nchi nyingine zilizotoka vitani. IMF na wakubwa wa Magharibi wakasema kwanza fungueni daftari la mafuta tuone. Dos Santos hakutaka daftari lifunguliwe. Mwaka 2004 Benki ya Exim ya China ikaja na dola bilioni 2, malipo kwa mafuta, daftari hakuna aliyeliuliza. Mkutano wa wafadhili ukafa kifo cha asili. Hadi anaondoka madarakani mikopo ya China ilikuwa imepita dola bilioni 40, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na kampuni za Kichina zilizolipwa hukohuko China. Ofisi maalumu ya ujenzi wa taifa ikawekwa Ikulu chini ya jenerali wake, Kopelipa, nje ya wizara za kawaida.

Kazi zilionekana, tusidanganyane. Reli ya Benguela, kilomita 1,344 kutoka Lobito hadi Luau mpakani na Kongo, iliyokuwa imekufa kwa mabomu tangu miaka ya sabini, ilizinduliwa upya Februari 2015. Mfumuko wa bei uliokuwa juu ya asilimia 100 mwaka 2002 ulishuka hadi tarakimu za kumi na kitu ndani ya miaka minne. Mafuta yalipanda kutoka takriban mapipa laki tisa kwa siku hadi karibu milioni mbili mwaka 2008. Viwanja vinne vikajengwa kwa ajili ya AFCON 2010.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2011 IMF ilikuta pengo la dola bilioni 32 kwenye hesabu za 2007 hadi 2010. Sehemu kubwa baadaye ilielezwa kuwa matumizi ambayo Sonangol iliyafanya kwa niaba ya serikali nje ya bajeti. Watu husoma habari hii kama wizi wa bilioni 32. Mimi naona ni mbaya zaidi: nchi ilikuwa na bajeti mbili, moja ya bungeni na nyingine ya Sonangol, na mtu mmoja tu ndiye aliyezijua zote.

ShemejiWaTabora

Na wananchi walikuwa wanapiga kura wapi kwenye haya yote?

Mwananyamala B

Shemeji, uchaguzi wa kwanza baada ya vita ulifanyika Septemba 2008, wa wabunge, na MPLA ilipata asilimia 81. Wa rais uliahidiwa mwaka uliofuata. Haukuja. Badala yake katiba ya 2010 ikafuta kabisa kura ya rais: anayeongoza orodha ya chama kinachoshinda bungeni ndiye rais. Yaani mtu aliyekosa nusu ya kura kwa kidole mwaka 1992 akahakikisha hatapigiwa kura ya peke yake tena. Kwangu hapo ndipo "mpito" ulipokoma na umiliki ukaanza. 2012 asilimia 71. 2015 vijana waliokuwa wanasoma kitabu cha harakati za amani wakakamatwa kwa kupanga mapinduzi, na mmoja wao, rapa Luaty Beirão, akagoma kula siku 36.

Juni 2016, bei ya mafuta imeanguka, akamweka binti yake kuongoza Sonangol. Mtoto wa kiume alishapewa mfuko wa taifa wa dola bilioni 5. João Lourenço, rais aliyemfuata, alipoingia 2017 alimwondoa Isabel ndani ya miezi miwili. Isabel anakanusha tuhuma zote za ufisadi mpaka leo, na mzee mwenyewe hakuwahi kushtakiwa. Katiba aliyoiandika ilimpa kinga.

Nanga Kavu

Kwa hiyo Lourenço ndiye malaika?

Kapteni Mstaafu

Lourenço alikuwa waziri wake wa ulinzi, Nanga. Malaika wa wapi.

Mwananyamala, nikuulize kitu kimoja na unijibu bila kuzunguka. Msumbiji walisaini amani 1992, bila mafuta, bila Wachina wa bilioni 40. Ilikaa zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo hoja yako kwamba amani ya Angola ilihitaji huo mfereji wa pesa inasimama wapi?

Mwananyamala B

Swali zito. Msumbiji amani ilisainiwa na pande mbili zilizochoka, na wafadhili walimwaga pesa, kwa hiyo mfereji ulikuwepo, ila ulikuwa wa watu wengine. Na 2013 Renamo, waasi wa zamani, walirudi msituni, sehemu ya malalamiko yao ikiwa ni wapiganaji wao kuachwa pembeni ya jeshi na ya keki. Ikabidi rais wa wakati huo, Nyusi (naye mhandisi, wa mitambo, alisomea Czechoslovakia) asaini upya Agosti 2019. Angola hawajasaini upya.

Lakini nakubali nusu ya hoja yako. Kuwalipa majenerali kulihitaji mamilioni. Kilichokuja baada ya 2004 hakikuhitajika kwa amani. Amani ilishakuwepo.

Kapteni Mstaafu

Sasa tunaelewana. Basi mfereji haukuwa mmoja. Ulikuwa mmoja hadi 2004, halafu akachimba wa pili akauita jina la ule wa kwanza. "Msanifu wa amani" kwenye mabango, hadi anatoka.

MutuWaKolwezi

Na ile msamaha, hakuna mutu aliulizwa kitu? Benye baliua batu Huambo, Cuito, Luanda?

Mwananyamala B

Hakuna. Msamaha wa Aprili 2002 ulifunika wote, waasi na majenerali wa serikali, bila mahakama wala tume ya ukweli. Hata mauaji ya 27 Mei 1977 ndani ya MPLA yenyewe hayakuguswa kwa miaka yake yote. Lourenço ndiye aliyeomba radhi 2021. Savimbi naye alizikwa Luena, na mabaki yake hayakukabidhiwa familia hadi 2019, dos Santos akiwa ameshaondoka. Mimi nadhani alikuwa sahihi kwa 2002 na alikosea kwa 2008. Kuahirisha ili watu waweke silaha chini ni jambo moja. Silaha zikishawekwa, na wewe una asilimia 81, unaogopa nini?

Mama Zulekha

Anaogopa kuulizwa, mwanangu. Mwenyewe alifia Barcelona Julai 2022, watoto na serikali wakagombea maiti mahakamani huko Hispania, akazikwa Luanda siku ya kuzaliwa kwake, kura zimetoka kupigwa siku nne nyuma. UNITA ileile aliyoisamehe ikapata karibu asilimia 44 na kuishinda MPLA Luanda mjini.

ShemejiWaTabora

Tuache maiti. Hiyo reli ya Lobito ndiyo ile Wamarekani wanaing'ang'ania? Maana shaba ikishukia Atlantiki sisi wa TAZARA tunabeba nini?

Mwananyamala B

Ndiyo hiyohiyo, shemeji. Ilijengwa kwa pesa za China, ikakabidhiwa kampuni za Ulaya kuiendesha, na Biden akaenda Lobito mwenyewe Desemba 2024. Shaba ya Kolwezi ina njia mbili sasa, na kwa Lobito ni karibu zaidi kuliko Dar. MutuWaKolwezi yuko jirani na reli, atuambie mabehewa yanaelekea wapi siku hizi.

MutuWaKolwezi

Mingi inapita na malori, ndugu yangu. Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, foleni ya siku na siku. Reli tunaiona, lakini lori ndiyo inabeba.